R Moja, Hukumu Mbili

Novemba 1962, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Columbia aliingia katika duka la Saks, barabara ya Fifth Avenue jijini New York, akajifanya mteja. Alikuwa amekwisha kujua bidhaa zipi zinauzwa ghorofa ya nne. Akamwendea muuzaji, akauliza bidhaa hizo ziko wapi, akajibiwa kama alivyotaka: "fourth floor". Akainama kidogo kama mtu ambaye hakusikia vizuri, akaomba arudiwe, na muuzaji akarudia kwa kutamka taratibu zaidi. Mteja akashukuru, akasogea hadi mahali asipoonekana, akatoa daftari na kuandika: r ya "fourth" imesikika au imemezwa? R ya "floor" je? Kisha akamtafuta muuzaji mwingine.

Mtu huyo ni William Labov, ambaye baadaye alihesabiwa kuwa mmoja wa waasisi wa isimujamii ya kisasa. Alifanya vivyo hivyo katika duka la Macy's, linalotegemea wateja wa kipato cha kati, na katika duka la S. Klein karibu na Union Square, lililouza kwa bei poa. Jumla aliwasikiliza watu 264. Pale Saks, asilimia 62 ya wauzaji waliitamka r, ama kila mara au mara moja moja. Macy's walikuwa asilimia 51. Klein walikuwa asilimia 20 tu. Wauzaji wenyewe hawakuwa matajiri katika duka lolote kati ya hayo matatu. Walichotofautiana ni wateja waliosimama mbele yao siku nzima, na hadhi ya wateja hao ilikuwa imewaingia mdomoni. Tena walipoombwa kurudia, baadhi ya wauzaji wa Macy's waliirudisha ile r waliyokuwa wameimeza. Maana yake waliijua, waliitaka, na walipopata nafasi ya kujirekebisha walijirekebisha.

Sasa tuvuke bahari. Uingereza mambo ni kinyume kabisa. Huko anayemeza r mwishoni mwa neno ndiye anayesikika kuwa amesoma shule za maana, na anayeitamka wazi, kama wazee wa Devon, Somerset na Cornwall, huonekana mtu wa shamba. Neno "farm" likitamkwa na r yake kamili ni heshima Manhattan na ni ushamba London. Sauti ni ile ile, na hukumu mbili zimetoka zikiwa zimepingana.

Historia inaikoleza hoja hii. Enzi za Shakespeare, London yenyewe ilitamka r. Kuimeza kulishika kasi karne ya 18, na miji ya pwani ya Marekani iliyofanya biashara na London, kama Boston, New York na Charleston, ikaiga mtindo wa wakubwa. Karne moja na nusu baadaye bado ulikuwa mtindo wa wakubwa: Rais Franklin Roosevelt, mtoto wa ukoo tajiri wa jimbo la New York, aliimeza r yake redioni na hakuna aliyemwona hakusoma. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, upepo ukageuka. Kumeza r kukabaki kwa madereva, makarani na wauzaji wa bei poa, na watoto wa mabwana wakaanza kuitamka. Labov aliikuta New York ikiwa katikati ya mgeuko huo.

Nimeanza na r kwa sababu inafunga mjadala ambao vinginevyo hauishi. Watu wengi, pamoja na walimu wengi wa Kiingereza katika nchi zetu, huamini kwamba lafudhi fulani ni tamu, safi au ya kisomi kwa asili yake, na nyingine ni chafu kwa asili yake. Kama ingekuwa hivyo, r ingekuwa na hadhi moja popote iendapo. Haina. Lafudhi hubeba hadhi ya watu wanaoizungumza. Watu wakipanda inapanda nao, wakidharauliwa inadharauliwa nao. Ukimcheka mtu kwa matamshi yake unamcheka kwa alikozaliwa na kwa kazi ya baba yake, hata kama hukukusudia.

Kiingereza hakikuwahi kuwa kimoja hata siku moja. William Caxton, aliyeleta mtambo wa kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, ameacha kisa cha wafanyabiashara waliokuwa wakisafiri kwa jahazi kutoka mto Thames kwenda Zeeland, upepo ukawakatikia wakatia nanga ufukweni Kent. Mmoja wao alikwenda kwenye nyumba moja kununua mayai, akayaita "egges" kama walivyoita watu wa kaskazini. Mwenye nyumba, mama wa Kiingereza, akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mfanyabiashara akakasirika, kwa kuwa naye hakujua Kifaransa hata neno. Ikabidi mwenzake aingilie kati na kusema anataka "eyren", ndipo mama akaelewa. Caxton aliandika kisa hiki mwaka 1490 akiwa na shida ya kweli ya kikazi: achape neno lipi? Alichapa London, kwa wanunuzi wa London na wa kasri la mfalme, na uamuzi wa mchapaji mmoja baada ya mwingine ukaanza kuonekana kama sheria ya lugha.

Matamshi yalichelewa kusanifishwa. Yalisubiri shule za bweni za matajiri wa karne ya 19, ambako wavulana walitengwa na lafudhi za nyumbani wakiwa wadogo na kuibuka na sauti moja iliyofanana kote nchini. Mwaka 1917 Daniel Jones wa Chuo Kikuu cha London alipotoa kamusi yake ya matamshi, aliiegemeza waziwazi kwenye sauti za familia za kusini ambazo wanaume wao wamepita shule hizo. Haya ndiyo matamshi yaliyokuja kujulikana kwa herufi mbili, RP, na ndiyo tuliyoletewa Afrika kama Kiingereza chenyewe. Mwaka 1974 mwanaisimu Peter Trudgill alikadiria kwamba wanaoyazungumza ni takriban asilimia 3 ya Waingereza. Asilimia 97 waliobaki walikuwa wakisema Kiingereza chao, nyumbani kwao, na kuambiwa kwamba wanakosea.

BBC ilianza mwaka 1922, na kufikia 1926 ilikuwa na kamati ya kushauri juu ya matamshi, ikiongozwa na mshairi Robert Bridges na baadaye na George Bernard Shaw. Wakati wa vita, mwaka 1941, shirika lilimweka Wilfred Pickles, mtu wa Halifax katika jimbo la Yorkshire, asome taarifa ya habari kwa taifa zima. Sababu mojawapo inayotajwa ni ya kiusalama: Wajerumani wangepata taabu zaidi kuiga sauti ya Yorkshire kuliko ile ya kawaida ya BBC. Barua za malalamiko zikamiminika. Wapo wasikilizaji walioona kwamba habari haiaminiki ikisomwa kwa sauti ya kaskazini. Tafakari hapo: nchi iko vitani, mabomu yanaanguka, na mtu anatilia shaka taarifa kwa sababu irabu za msomaji ni za watu wa viwanda vya sufu.

Mtu atasema hayo ya zamani. Mwaka 2021, wakati wa michezo ya Olimpiki ya Tokyo, Digby Jones, mjumbe wa zamani wa Baraza la Malodi aliyewahi kuwa waziri wa biashara, alimshutumu hadharani mtangazaji Alex Scott, mwanasoka wa zamani wa timu ya taifa ya England, kwa kuacha g ya mwisho katika maneno kama "swimming" na "rowing". Scott alijibu kwamba anatoka familia ya wafanyakazi ya Poplar, mashariki ya London, na kwamba anajivunia hivyo. Jambo ambalo halikutajwa sana katika mjadala ule ni kwamba kuacha g kulikuwa pia desturi ya makabaila wa Uingereza hadi karne ya 20: walipozungumzia kuwinda na kuvua samaki walisema "huntin'" na "fishin'", na hakuna waziri aliyewasahihisha. Hapa tena sauti ni moja. Mdomo ndio uliotofautiana.

Shinikizo hili limewabadilisha hata waliofika juu. Margaret Thatcher, binti wa muuza duka wa Grantham katika jimbo la Lincolnshire, alifundishwa kutamka tangu utotoni, na akiwa mwanasiasa akafundishwa tena kushusha sauti. Aprili 1983, katika ubishi mkali bungeni, alimrukia mpinzani wake Denis Healey kwa neno "frit", yaani umeogopa, neno la mitaa ya utotoni mwake ambalo Kiingereza cha vitabuni hakilitumii. Miaka yote ya mafunzo haikuwa imelifuta. Na Malkia Elizabeth naye hakubaki alipokuwa: mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney, wakiongozwa na Jonathan Harrington, walipima irabu zake katika hotuba za Krismasi tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980, wakakuta zimesogea kuelekea matamshi ya raia wa kawaida wa kusini mwa England. Kiingereza cha Malkia kilikuwa kikiwafuata watu wake.

Lafudhi huzaliwa vipi? Jibu lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba huzaliwa na watoto wanaocheza pamoja. Mtoto hachukui lafudhi ya wazazi wake akiwa na wenzake mtaani. Huchukua ya wenzake. Ndiyo maana mji unaopokea wageni wengi kwa mkupuo huweza kupata sauti mpya ndani ya vizazi viwili. Liverpool ni mfano ulio wazi. Kabla ya njaa kuu ya Ireland ya 1845 hadi 1852, watu wake walisema kama jirani zao wa Lancashire. Sensa ya 1851 ilikuta zaidi ya mkazi 1 katika kila 5 amezaliwa Ireland. Ongeza Wawelisi, ongeza mabaharia, na matokeo yake ni Scouse, lafudhi inayopanda na kushuka kama wimbo, ambayo k ya mwisho wa neno hulegea ikawa kh. Msomaji wa Pwani asipate taabu kuifikiria: mtu wa Liverpool akisema "back", mwishoni husikika sauti ile anayoitoa mzee wa Mombasa anaposema "sabalkheri". Jina lenyewe la Scouse limetokana na mchuzi wa nyama na viazi waliokula mabaharia.

Nyuzilandi ina ushahidi adimu zaidi, kwa sababu kuzaliwa kwa lafudhi yake kumenaswa. Kati ya 1946 na 1948 redio ya taifa ilituma gari lenye mitambo ya kurekodi likazunguka vijijini kuwahoji wazee, wengi wao watoto wa wahamiaji wa kwanza, wakisimulia maisha ya walowezi. Waliotafuta simulizi hawakujua kwamba wanahifadhi sauti. Miongo minne baadaye Elizabeth Gordon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Canterbury walizifanyia kazi rekodi hizo. Katika kizazi cha kwanza kilichozaliwa huko hapakuwa na utaratibu: watu wa mji mmoja, hata waliosoma darasa moja, waliokota sauti huku na kule, hii ya Scotland, hii ya London. Kizazi kilichofuata kikachuja, na Kiingereza cha Nyuzilandi kikatoka. Katika mji kama Arrowtown, uliojaa wachimba dhahabu kutoka kila upande, kilitoka mapema kuliko Milton, mji uliokaliwa zaidi na Waskoti. Wakaguzi wa shule walikuwa wakilalamika tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba watoto wanaharibu lugha. Leo uharibifu huo husomewa taarifa ya habari.

London inafanya kazi hiyo hiyo sasa hivi. Meli ya Empire Windrush ilifika bandari ya Tilbury Juni 1948 ikiwa na mamia ya Wakaribi, wengi wao wa Jamaika, na wahamiaji waliofuata walitoka Asia Kusini, Afrika Magharibi, Uturuki, Somalia. Watoto wao walikua pamoja na watoto wa Cockney, yaani wafanyakazi wenyeji wa mashariki ya London, katika mitaa kama Hackney, ambako Jenny Cheshire, Paul Kerswill na wenzao walifanya utafiti kuanzia 2004. Walichokisikia hakikuwa lafudhi ya Jamaika wala ya Cockney. Kilikuwa Kiingereza kipya cha vijana, ambacho Mwingereza mweupe, Mbengali na Mghana wa mtaa mmoja hukizungumza kwa namna moja. Humo "man" huweza kusimama badala ya mimi, "wagwan" ni salamu kutoka Jamaika, na kijana anayetaka kuaminiwa huapa "wallahi", hata kama hajawahi kuingia msikitini. Msomaji wa Zanzibar hahitaji kufafanuliwa hilo. Neno hilo hilo limeota mizizi mitaani Toronto, lilikopelekwa na Wasomali.

Misimu ya wanaozungumza Kiingereza ni mipana mno kuimaliza, na sehemu kubwa yake ni ya kufurahisha tu bila mafunzo makubwa. Mwaustralia hukata maneno akayatia o: alasiri ni "arvo", kituo cha mafuta ni "servo". Kandambili huko huitwa "thongs", neno ambalo London ni nguo ya ndani. Afrika Kusini taa za barabarani ni "robots". Mnigeria, kwa kukosa katika Kiingereza neno la kila siku linalolingana na keshokutwa, hutumia "next tomorrow", na kamusi ya Oxford ikaliingiza mwaka 2020. Miaka miwili baadaye kamusi hiyo ikapokea maneno mengi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, miongoni mwao "nyama choma", "daladala" na "sambaza". Maneno hayana shida. Yanasafiri, yanakaribishwa, yanawekwa kamusini. Watu walioyabeba ndio wanaozuiliwa mlangoni.

Hapo ndipo suala la lafudhi linapoacha kuwa la kufurahisha. Kiingereza cha Wamarekani weusi kina kanuni zake za sarufi, na moja kati ya hizo Mswahili ataielewa upesi kuliko mwalimu yeyote wa Kiingereza sanifu. "He working" ni kwamba anafanya kazi sasa. "He be working" ni kwamba hufanya kazi, ndiyo kawaida yake, iwe sasa hivi yuko kazini au amelala. Sisi tuna na- na hu-. Kiingereza sanifu hakina kitenzi kisaidizi maalumu cha mazoea kwa wakati uliopo. Kiingereza cha weusi kinacho. Mtafiti Janice Jackson alikidhihirisha kwa watoto kwa picha za kipindi cha Sesame Street: Cookie Monster, ambaye kila mtoto anajua ni mlafi wa biskuti, amelala kitandani mgonjwa bila biskuti yoyote, na Elmo ndiye anayekula. Watoto walipoulizwa nani "is eating cookies", wote walisema Elmo. Walipoulizwa nani "be eating cookies", watoto weupe walisema tena Elmo, na watoto weusi wakasema Cookie Monster. Nani hula biskuti? Jibu lao lilikuwa sahihi kabisa. Katika shule nyingi sentensi hiyo ingepigwa kalamu nyekundu na mtoto angeandikiwa kwamba hajui lugha.

Ann Arbor, Michigan, wazazi weusi walikwenda mahakamani kwa sababu watoto wao walichukuliwa kuwa na upungufu wa kujifunza, wakati tatizo lilikuwa kwamba walimu hawakuitambua lugha ya nyumbani kwao. Mwaka 1979 Jaji Charles Joiner aliamua kwamba shule ina wajibu wa kuijali lugha hiyo inapofundisha kusoma. Uamuzi huo haukubadilisha mengi nje ya ukumbi wa mahakama. Mwaka 1999 Thomas Purnell, William Idsardi na John Baugh walichapisha utafiti ambao Baugh, Mmarekani mweusi anayezimudu lafudhi kadhaa, aliwapigia simu wenye nyumba za kupanga karibu na San Francisco. Maneno ya kujitambulisha yalikuwa yale yale, ila kila mara kwa lafudhi tofauti. Katika kitongoji cha kitajiri cha Woodside, alipozungumza kama mzungu alikaribishwa kuona nyumba kwa karibu asilimia 70 ya simu. Alipozungumza kama mtu mweusi, haikufika asilimia 30. Lafudhi ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko ilifanya vibaya zaidi. Hakuna aliyeuona uso wake.

Mahakamani hasara ni kubwa kuliko kukosa chumba. Katika kesi ya kuuawa kwa kijana mweusi Trayvon Martin, iliyosikilizwa Florida mwaka 2013, shahidi muhimu alikuwa msichana wa miaka 19 aliyekuwa akizungumza na marehemu kwa simu hadi dakika za mwisho. Alitoa ushahidi kwa saa kadhaa katika Kiingereza chake cha kila siku. Wanaisimu John Rickford na Sharese King waliochambua ushahidi huo walionyesha kwamba ulifuata kanuni za sarufi mwanzo hadi mwisho, na kwamba jopo la raia walioamua kesi halikuuzingatia. Mshtakiwa aliachiwa. Mwaka 2019 watafiti wengine waliwapima makarani 27 wa mahakama za Philadelphia, watu ambao kazi yao ni kunukuu kila kinachosemwa, kwa kuwasikilizisha sentensi za Kiingereza cha weusi. Sentensi walizonukuu bila kosa zilikuwa kama 6 katika kila 10. Rekodi ya mahakama ndiyo inayobaki mtu akikata rufaa. Kilichoandikwa ndicho alichosema, hata kama hakukisema.

Kiswahili nacho kimeshaingizwa katika hesabu hizi. Wabajuni waliokimbia vita pwani ya Somalia na kuomba hifadhi Uingereza walirekodiwa, na sauti zao zikachambuliwa kuamua kama wanatoka visiwani Somalia au upande wa Kenya, ambako Kibajuni pia huzungumzwa. Mpaka wa nchi haupiti katikati ya lahaja. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu lilitoa miongozo likiziasa serikali kwamba lugha huonyesha mtu amekulia miongoni mwa nani, na wala haionyeshi uraia wake.

Tuje kwetu. Sisi tunajua kusanifisha ni nini, kwa sababu tumefanyiwa. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa 1930 ikausimamia uamuzi huo. Lahaja za Kimvita na Kiamu zilikuwa na hazina kubwa ya ushairi na wajuzi wake walilalamika. Hazikushindwa kwa ubovu. Zilishindwa kwa maamuzi ya utawala. Anayelijua hilo hana sababu ya kuamini kwamba matamshi ya shule za bweni za England yalishuka kutoka mbinguni.

Lakini tunaamini, na tunawalipisha watoto. Nairobi, mwanafunzi akichanganya l na r wenzake hucheka kwamba ameshrub. Mtangazaji naye akirudi na sauti ya puani ya Kimarekani ambayo hakuzaliwa nayo, wanasema ana tweng, na wanaomcheka ndio hao hao wanaomwajiri. Dar es Salaam, mtoto aliyefundishwa miaka saba kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza, anafungua mdomo kwa Kiingereza mara moja, darasa linaangua kicheko, na hafungui tena hadi kidato cha nne. Mitandaoni kiongozi akikosea irabu ya Kiingereza anasambazwa kwa wiki nzima, bila mtu kuuliza alikuwa akisema nini. Wakati huo kuna kampuni zinazouza programu ya kompyuta inayogeuza lafudhi ya mhudumu wa simu papo hapo, ili mteja wa Marekani asijue anaongea na mtu wa Manila au wa Bangalore. Aibu imekuwa bidhaa.

Na mara nyingi tunaona aibu mahali ambapo tulistahili kujiamini. Sauti mbili zinazowasumbua wageni wengi wa Kiingereza ni ile ya "think" na ile ya "this". Mswahili wa Pwani anazo zote: ya kwanza imo katika thamani, ya pili imo katika dhahabu. Anazitamka bila kufundishwa. Mzaliwa wa mashariki ya London husema "fink", Mwairishi wa Dublin aghalabu husema t, nao ni wenye lugha, na kwa kawaida hawapewi mtihani wa Kiingereza kabla ya kupewa viza. Wa bara anayesema "sink" hajafanya kosa kubwa kuliko lao.

Sisemi kwamba matamshi hayafundishwi. Rubani na mwongoza ndege wanapaswa kuelewana, na hata mwanafunzi anayechanganya "rice" na "lice" asaidiwe, kwa kuwa hapo maana inapotea. Kipimo kiwe hicho: msikilizaji ameelewa au hakuelewa? Kama ameelewa, kilichobaki ni asili ya mtu, na mwalimu hana kazi nayo.

Kwa hiyo ninawaomba walimu wa Kiingereza wa shule zetu: wafundisheni wanafunzi sarufi kwa ukali mtakao, wapeni vitabu, wasikilizisheni sauti za Lagos, Glasgow, Kingston na Mumbai pamoja na ya London, lakini msiruhusu darasa limcheke mtoto kwa lafudhi yake hata mara moja. Wasimamizi wa mitihani ya mazungumzo na waajiri wanaowahoji vijana nao waondoe alama za "lafudhi nzuri" katika fomu zao. Wanaozungumza Kiingereza wamegawanyika katika matamshi tangu kabla ya Caxton. Mtoto wa Tabora au Kakamega hawajibiki kuwapatanisha.